Mkazi asiye raia na baraza la mji mdogo wa Alberta: habari zipatikane wapi, na wakati wa kusema ni upi?

SWALI: Mimi ni Mkongomani wa Fizi, na kabla ya kuja Kanada niliishi na familia yangu katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Sasa ni mkazi wa kudumu katika mji mdogo wa kusini mwa Alberta, nafanya kazi kiwanda cha nyama, na majuzi tumenunua nyumba. Kiwanja kilicho nyuma yetu kimebadilishiwa matumizi ili yajengwe majengo ya ghorofa, nasi, tunaotegemea Facebook na kundi letu la WhatsApp, tumepata habari baada ya baraza kupiga kura. Kodi ya nyumba nayo imepanda. Je, habari za baraza hupatikana wapi, na mtu asiye raia anaruhusiwa kusema mbele ya madiwani? Pia, jumuiya yetu ingependa kuadhimisha Siku ya Kiswahili tarehe 7 Julai katika bustani ya mji. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lile linalokusumbua zaidi. Kura ya kumchagua diwani ni ya raia peke yao, lakini haki ya kusimama mbele ya baraza na kusikilizwa kuhusu jambo linalokugusa haitegemei uraia. Kilichowapita ninyi ni wakati. Katika miji hii uamuzi huonekana wazi siku kadhaa kabla ya kupitishwa, umeandikwa kwenye ajenda ya kikao pamoja na viambatisho vyake. Anayesubiri kusikia matokeo hukuta mlango wa maoni umekwisha fungwa, hata kama alikuwa na hoja nzito kuliko wote waliozungumza.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza tujue baraza lenyewe ni chombo cha namna gani. Katiba ya Kanada ya mwaka 1867, katika kifungu cha 92, iliziweka serikali za mitaa chini ya majimbo, na kwa hiyo hakuna sheria moja ya miji kwa nchi nzima. Ndugu yako aliye Ontario anaongozwa na sheria nyingine, na hata tarehe za uchaguzi ni tofauti. Kwenu inatumika Sheria ya Serikali za Mitaa ya Alberta. Kwa sheria hiyo kijiji kinahitaji watu wasiopungua 300, mji 1,000, na jiji 10,000, ndiyo maana Brooks, iliyohesabiwa kuwa na watu 14,924 katika sensa ya mwaka 2021, ni jiji kisheria ingawa mgeni akiipita kwenye barabara kuu ya kwenda Medicine Hat ataiona kuwa ni mji mdogo tu. Nitaitolea mifano mara kwa mara, kwa kuwa uchumi wake umeshikamana na kiwanda cha nyama kama huko kwenu, na kwa kuwa kiwanda hicho ndicho kilichowavuta Waafrika wengi kuhamia pale.

Mamlaka ya jimbo juu ya miji hii si maneno ya vitabuni. Kijiji cha Tilley, jirani ya Brooks, kilivunjwa mwaka 2013 na eneo lake likaingizwa katika Kaunti ya Newell. Desemba 2023 waziri anayesimamia serikali za mitaa wa Alberta alimwondoa madarakani meya wa Chestermere, karibu na Calgary, pamoja na madiwani watatu na watendaji wakuu watatu. Nayataja haya ili ujue kwamba baraza linabanwa na utaratibu ulioandikwa, na mkazi anayeujua utaratibu huo ana nguvu ambayo watu wengi hawaitumii.

Wewe uliyekaa Tanzania utazoea haraka, ila kuna tofauti mbili ambazo usipoziangalia zitakupotosha. Ya kwanza ni kwamba mkurugenzi wa halmashauri Tanzania huteuliwa na Rais, ilhali mtendaji mkuu wa mji wa Alberta huajiriwa na baraza lenyewe na baraza hilohilo linaweza kumwachisha kazi. Hakuna mkuu wa wilaya wala mtu mwingine anayeiwakilisha serikali ya juu mjini. Ya pili ni kwamba madiwani wa miji midogo hawasimami kwa tiketi ya chama. Jimbo liliruhusu vyama vya siasa katika uchaguzi wa manispaa wa mwaka 2025, lakini kwa Calgary na Edmonton tu. Diwani wako basi ni mwalimu, mfanyabiashara, mkulima au mstaafu mwenye kazi nyingine, ambaye unaweza kukutana naye dukani. Brooks ina meya mmoja na madiwani sita, na katika baraza la watu saba, kura moja iliyobadilika ni jambo kubwa. Pia diwani aliyepo kikaoni haruhusiwi kujizuia kupiga kura, isipokuwa pale sheria inapomtaka ajitoe, kwa mfano akiwa na maslahi ya kifedha katika jambo hilo. Ukitaka kujua nani alipiga kura vipi, fahamu kwamba majina huandikwa ikiwa diwani mmoja ameomba hivyo kabla ya kura kupigwa. Unaweza kumwomba diwani unayemfahamu afanye hivyo.

Sasa tufike kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba yenu. Kubadilisha matumizi ya ardhi hufanywa kwa kurekebisha sheria ndogo ya matumizi ya ardhi, na kila sheria ndogo lazima isomwe mara tatu. Hairuhusiwi kusomwa zaidi ya mara mbili katika kikao kimoja, ila madiwani wote waliopo wakikubaliana kwa kauli moja kuiendea ile ya tatu. Usomaji wa kwanza hauna mjadala mkubwa. Kazi yake ni kulipokea jambo na kupanga siku ya kusikiliza wananchi. Kikao cha kusikiliza maoni lazima kifanyike kabla ya usomaji wa pili, na mara nyingi usomaji wa pili na wa tatu hufuata usiku uleule, dakika chache baada ya mzungumzaji wa mwisho kuketi. Kwa hiyo kati ya usomaji wa kwanza na kikao hicho ndipo palipo na nafasi yako yote. Ni wiki chache tu.

Kuhusu taarifa, sheria inataka tangazo litolewe mapema, ama gazetini kwa wiki mbili mfululizo, ama kwa barua au kupelekwa majumbani, ama kwa njia nyingine, ikiwemo tovuti, iwapo mji umepitisha sheria ndogo ya kuruhusu hivyo. Zaidi ya hayo, kiwanja mahususi kinapobadilishiwa matumizi, barua hupelekwa kwa wenye ardhi inayopakana nacho. Hapa ndipo ninapodhani mambo yaliwapita: barua hiyo hutumwa kwa jina na anwani iliyomo katika daftari la kodi la mji. Kama mlinunua nyumba karibu na wakati huo, huenda daftari lilikuwa bado na jina la mwenye nyumba wa zamani, na barua ikamfuata yeye. Nenda ofisi ya mji na hati ya nyumba mkononi, uhakikishe kwamba jina lenu na anwani yenu ya posta vimeandikwa sawasawa, hadi herufi ya mwisho, kwa sababu majina yetu huharibiwa sana katika madaftari haya. Nikumbushe pia, kwa ajili ya wenzako wanaopanga, kwamba mpangaji hapati barua hiyo ya wenye ardhi. Yeye tegemeo lake ni tangazo na ajenda.

Je, jambo limekwisha? Halijaisha lote. Kubadilisha matumizi si kibali cha kujenga. Mwenye kiwanja bado atahitaji kibali cha uendelezaji, na hapo kuna swali la kumuuliza ofisa wa mipango: jengo hilo, kwa sheria ndogo ya sasa, linahesabiwa kuwa matumizi yanayoruhusiwa moja kwa moja au yale yanayotegemea hiari ya mamlaka? Likiwa la aina ya kwanza na halikupewa nafuu yoyote ya masharti, kibali lazima kitolewe na jirani hana njia ya kukata rufaa, isipokuwa kama masharti yenyewe yalitafsiriwa vibaya. Likiwa la aina ya pili, au kama limepunguziwa umbali kutoka kwenye mpaka, idadi ya maegesho au sharti lingine, jirani anayeathirika ana siku 21 tangu taarifa ya kibali ilipotolewa kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa za mgawanyo na uendelezaji wa ardhi. Siku hizo haziongezwi kwa huruma. Ziandike kwenye kalenda mara tu unapoona tangazo.

Siku utakapopata nafasi ya kuzungumza, sheria inasema hivi kwa maana yake: baraza lazima limsikilize mtu yeyote anayedai kuathirika na sheria ndogo inayopendekezwa, maadamu amefuata taratibu zilizowekwa na baraza, na linaweza kumsikiliza mtu mwingine yeyote anayetaka kusema. Neno ni mtu. Halikuandikwa mpiga kura wala raia. Taratibu zenyewe hutofautiana: kuna miji inayotaka ujiandikishe siku kadhaa kabla, na mingine hukuita papo hapo. Dakika tano ni muda wa kawaida. Andika maoni yako katika ukurasa mmoja kwa Kiingereza, uyatume kwa ofisi ya mji kabla ya siku ya mwisho ili yaingie kwenye viambatisho vya ajenda, kisha uje uyaseme. Usimtwike mtoto wako kazi ya ukalimani katika kikao cha namna hii; tafuta mtu mzima kutoka maktaba, kituo cha elimu ya watu wazima au shirika la kusaidia wahamiaji, na uiarifu ofisi ya mji mapema kwamba utakuja naye.

Na useme nini? Nimeona wakazi wema wakipoteza dakika zao tano kwa kueleza hasira, au kwa kusema ni watu gani wasiotakiwa kuishi katika nyumba mpya. Hoja ya pili hiyo haina uzito wa kisheria, na kwa sisi tuliopokelewa ugenini si hoja ya kutoka kinywani mwetu. Baraza linapima matumizi ya ardhi: magari yatapita wapi, maji ya theluji inayoyeyuka yatakwenda upande gani, kivuli cha ghorofa kitaangukia uani mwa nani, watoto watavuka wapi kwenda shule, mfereji wa majitaka una uwezo gani. Zungumzia hayo kwa mifano ya mtaa wako, ambao unaujua kuliko mshauri aliyetoka Calgary. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba diwani aliyekosa kikao chote cha kusikiliza maoni lazima ajitoe katika kura ya jambo hilo. Kwa hiyo waliopo ukumbini ndio watakaoamua. Waangalie wao unapozungumza. Kikao kikishafungwa usimpigie diwani simu kumwongezea hoja mpya, kwa kuwa anatakiwa kuamua kwa yale yaliyosemwa mbele ya wote.

Sasa kuhusu habari. Umesema kwamba mlitegemea Facebook na kundi la WhatsApp, na naelewa sababu, kwani ndivyo wengi tunavyoishi. Lakini tangu Agosti 2023 kampuni ya Meta imezuia viungo vya vyombo vya habari visionekane kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada, ikipinga sheria ya habari za mtandaoni iliyopitishwa na bunge Juni mwaka huo. Ukurasa wa mji wenyewe unaendelea kuonekana, kwa sababu mji si chombo cha habari. Matokeo yake ni kwamba anayetazama Facebook peke yake huona mji ukijisemea mambo mazuri, kama vile picha za bustani, tangazo la gwaride la Krismasi au ratiba ya takataka, na haoni kabisa taarifa ya mwandishi aliyekaa ukumbini akaandika nani alipinga nini. Hili naliona kuwa hatari kubwa kwa miji midogo kuliko watu wanavyodhani, na linawapiga zaidi wahamiaji, ambao hawakukulia katika nyumba zenye mazoea ya kununua gazeti la mji.

Magazeti yenyewe nayo yanapungua. Septemba 2023 kampuni ya Metroland ya Ontario ilisitisha uchapaji wa magazeti yake ya wiki zaidi ya 70, na watu 605 wakapoteza kazi. Serikali ya shirikisho ilianzisha mwaka 2019 mpango wa kulipia waandishi wa habari za mitaa katika maeneo yasiyo na mtu wa kuyaandikia, na katika miji mingine mwandishi pekee anayehudhuria vikao vya baraza analipwa kwa mpango huo. Kusini mwa Alberta bado kuna urithi wa magazeti ya mji. Brooks Bulletin ilianzishwa mwaka 1910. Kama mji wenu una gazeti lake, jiandikisheni, mwende moja kwa moja kwenye tovuti yake bila kupitia Facebook, na muombe kutumiwa habari kwa barua pepe. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya kupitwa na jambo moja kama hili la kiwanja.

Hata hivyo gazeti bora halichukui nafasi ya ajenda. Vikao vya baraza na kamati zake ni vya hadhara kwa sheria, isipokuwa mambo machache kama ya wafanyakazi, ununuzi wa ardhi au ushauri wa wakili, na hata hayo hujadiliwa faraghani lakini huamuliwa hadharani. Miji mingi hukutana mara mbili kwa mwezi, na ajenda huwekwa kwenye tovuti siku chache kabla. Nashauri jumuiya yenu igawane kazi: mtu mmoja anayesoma Kiingereza vizuri aifungue kila ajenda inapotoka, atafute majina ya mitaa mnayoishi pamoja na maneno ya usomaji wa kwanza na kikao cha kusikiliza maoni, kisha arekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwa Kiswahili na kuuweka kwenye kundi. Watu wa zamu ya usiku watausikiliza wakiwa njiani. Kundi lenu la WhatsApp, ambalo hadi sasa limekuwa likipokea habari zilizokwisha pita, litakuwa linapokea habari zijazo.

Kodi nitaieleza kwa ufupi. Mkadiriaji hutathmini thamani ya nyumba yako kama ilivyokuwa sokoni tarehe 1 Julai ya mwaka uliotangulia, halafu baraza, likishajua bajeti yake, huweka kiwango cha kodi, kwa kawaida katika majira ya kuchipua. Chukua mfano wa nyumba ya dola 300,000 na kiwango cha dola 8 kwa kila 1,000: kodi ni dola 2,400. Nyumba zote mjini zikipanda thamani kwa asilimia 10 na bajeti ikabaki ileile, kiwango hushuka na unalipa karibu kiasi kilekile. Kwa hiyo kodi yako hupanda ama kwa sababu mji umeongeza matumizi, ama kwa sababu nyumba yako imepanda kuliko za wenzako, ama kwa sababu ya sehemu ya kodi ya elimu, ambayo mji huikusanya kwa niaba ya jimbo na baraza haliwezi kuipunguza. Ukiona thamani imekosewa, una siku 60 za kulalamika, na lalamiko lenyewe liwe juu ya thamani tu. Ukichukizwa na kiwango, pa kusemea ni kwenye mjadala wa bajeti, ambao miji mingi huufanya kati ya Oktoba na Desemba. Viti vya wasikilizaji huwa vitupu siku hizo, jambo linalonisikitisha kila mwaka.

Kura yenyewe itakuja. Uchaguzi wa manispaa Alberta hufanyika kila miaka minne, Jumatatu ya tatu ya Oktoba. Wa mwisho ulikuwa tarehe 20 Oktoba 2025, na unaofuata ni tarehe 15 Oktoba 2029. Maombi ya uraia yanahitaji siku 1,095 za kuwepo nchini ndani ya miaka mitano, na ninyi mliopokelewa mkiwa tayari na ukaazi wa kudumu mnahesabiwa tangu siku ya kuwasili. Kabla ya hapo, uliza ofisi ya mji ni kamati zipi za ushauri, kama za bustani, utamaduni au maktaba, zinazopokea wakazi wasio raia.

Kuhusu Siku ya Kiswahili, anzeni mapema, ikiwezekana Januari. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwezi Novemba 2021, na hilo linawapa msingi wa kuliandikia baraza barua mkiomba meya asome tangazo la kuitambua siku hiyo mjini. Mabaraza huyasoma matangazo ya namna hiyo mara kwa mara. Tarehe ikiangukia katikati ya juma, fanyeni Jumamosi iliyo karibu ili watu wa kiwandani waweze kuja, na mkumbuke kwamba siku hizo kwa kawaida maonyesho ya Stampede huwa yanaendelea Calgary na familia nyingi husafiri.

Bustani hukodishwa na idara ya burudani ya mji, na watawataka muwe na bima ya dhima, yaani ya kulipia madhara yatakayowapata wengine, mara nyingi ya dola milioni 2. Pilau na maandazi vikigawiwa au kuuzwa kwa umma, mkaguzi wa afya wa jimbo lazima aarifiwe na kibali cha chakula kipatikane. Bahati nasibu na pombe vina leseni zake tofauti. Kikundi kisichosajiliwa hupata taabu na bima na ruzuku, hivyo fikirieni kusajili chama chini ya sheria ya vyama ya Alberta, ambayo inahitaji watu watano tu. Ofisi ya huduma za familia na jamii, ambayo kwa kawaida hugharimiwa asilimia 80 na jimbo na 20 na mji, ndiyo ya kuitembelea kwanza, kwa kuwa watumishi wake wanajua ruzuku ipi inafungwa mwezi gani. Barua ya kuomba tangazo la meya ipelekeni kwa ofisi ya mtendaji mkuu mapema, miezi miwili au zaidi kabla ya Julai, ikiwa na tarehe, saa, mahali na maandishi ya tangazo mnayoyapendekeza, kisha fungueni ajenda ya kikao kinachofuata mhakikishe imo.